Mwenye Ufunguo na Mpagazi

Tangu zamani, sisi watu wa pwani na sisi wa bara tuliohamia pwani tumeamini jambo moja: kitu cha thamani kikae mwilini. Mama akienda sokoni, fedha anazifunga kwenye pindo la khanga, na pindo lenyewe analichomeka kiunoni. Mzee ana kibindo chake. Kijana anayeshuka basi la mkoani pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, akiwa na mtaji wa kuanzia maisha ya mjini, amekwishaambiwa na mama yake azishonee ndani ya bukta. Mwanangu, begi litaibiwa, lakini mwili unatembea nao.

Vibaka nao wanalijua hilo. Kibaka mzoefu wa stendi hahangaiki na begi lako. Anakaa pembeni, anatulia, anatazama mkono wako unakwenda kupapasa wapi kila unapopigwa kikumbo. Ukijipapasa tu, umekwisha kumwonyesha.

Hapo ndipo lilipo swali langu, ndugu msomaji. Mwili ni mahali pa kufichia siri, au ndio mahali pa kwanza siri itakapotafutwa? Na siri ikishawekwa mwilini mwangu, je, mimi ndiye mwenyewe, au nimegeuzwa mpagazi, nabeba mzigo wa mtu mwingine bila kujua kilichomo?

Wengine mtasema, ah, huyu naye, maswali ya kijiweni hayo. Subirini kidogo. Siku hizi fedha haishonwi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoingia nchini mwaka 2008, fedha ya mtu wa kawaida imekuwa tarakimu zilizokaa mahali asipopajua, na kinachomwezesha kuzifikia ni ufunguo. Barua zetu za siri, picha zetu, madeni yetu, hata majina yetu mbele ya serikali, vyote vina funguo. Basi swali la pindo la khanga limerudi kwa sura nyingine: ufunguo huo tuuweke wapi?

Namba ya siri ya simu tunaiweka kichwani. Ni tarakimu nne tu, na ukizipanga kila namna utapata namba 10,000, hazizidi wala hazipungui. Lakini ziko funguo kubwa kuliko hiyo. Nitalieleza kama nilivyolielewa mimi, ambaye hisabati niliiachia kidato cha nne. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha wazo lililobadilisha kazi nzima ya kuficha maandishi. Mtu awe na funguo mbili. Mmoja ni wa hadharani, unampa kila mtu, na yeyote akitaka kukuandikia siri anautumia kuifunga. Wa pili ni wa siri, unabaki nao peke yako, na huo tu ndio unaofungua. Kazi nzima ya kukulinda imelala juu ya huo wa pili. Akiupata mwingine, yeye ndiye wewe. Ukiupoteza, hata wewe si wewe tena.

Tatizo ni kwamba ufunguo huo ni namba ndefu mno, haishikiki kichwani. Ndiyo maana watu wanauhifadhi ndani ya simu, ndani ya kadi, au wanaubadilisha kuwa maneno 12 au 24 na kuyakariri kama shairi. Wengine wamefika mbali zaidi. Mwaka 1998 mwalimu mmoja wa chuo kikuu Uingereza, Kevin Warwick, alipasuliwa mkono akawekewa chipu, milango ya ofisi yake ikawa inamfungukia akipita. Huko Sweden maelfu ya watu wamejitia chipu yenye ukubwa wa punje ya mchele kati ya kidole gumba na cha shahada, na mwaka 2017 shirika la reli la nchi hiyo, SJ, lilianza kuwaruhusu abiria wa namna hiyo waonyeshe tiketi kwa kunyoosha mkono tu.

Tunasoma habari hizo tunacheka. Wazungu bwana! Lakini tusicheke sana, maana kuweka siri mwilini ni jambo tulilolifanya sisi kabla ya chipu.

Tazama hirizi. Maandishi yanaandikwa, yanakunjwa, yanashonewa ndani ya ngozi, yanafungwa mkononi au shingoni kwa mtoto. Tazama kombe, ambalo maneno yanaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, yanaoshwa kwa marashi, na mgonjwa anayanywa. Sizungumzii hapa kama yanaponya au hayaponyi, hayo nawaachia wenye elimu yake. Ninachotaka tukione ni hiki: anayekunywa kombe ameweka maandishi mahali ambapo hakuna mwizi atakayeyafikia, lakini na yeye mwenyewe hawezi kuyasoma tena. Anamwamini aliyeyaandika. Imani hiyo ndiyo inayolifanya lile tendo liwe na maana, na imani hiyo inaombwa, hailazimishwi.

Sasa tazama mfano wa upande mwingine. Kiasi cha miaka 2,500 iliyopita, mwandishi Mgiriki Herodotus alisimulia habari za mtawala mmoja, Histiaeus, aliyetaka kupeleka ujumbe wa uasi. Akamnyoa mtumwa wake kichwa, akamchanja maneno juu ya ngozi, akangoja nywele ziote, kisha akamtuma aende. Alikoambiwa afike alitakiwa kusema neno moja tu: ninyoeni. Ujumbe ulifika salama. Lakini mtumwa yule alivuka nchi nzima na siri kichwani mwake asiyoijua, na angekamatwa njiani angekufa kwa maneno ambayo hakuyasoma wala hakuyatunga.

Yule mgonjwa wa kombe na mtumwa huyu wote wana maandishi mwilini, wote hawawezi kuyasoma. Tofauti yao ni moja. Mmoja aliomba, mwingine aliandikwa. Mmoja ni mwenye siri, mwingine ni mpagazi wake.

Na wala tusiende Ugiriki kutafuta wapagazi. Hapa jirani, Kenya, wakoloni Waingereza walitunga sheria mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita vya kwanza vya dunia, kwamba kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lake, alama za vidole vyake, na habari za kazi alizofanya na mabwana aliowafanyia. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kijaluba cha bati, na watu waliivaa shingoni kwa kamba. Bila bwana kutia saini kwamba amekuachia, hupati kazi kwingine. Ukikutwa huna, ni kesi. Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande miaka ya 1921 na 1922, na Thuku alipokamatwa Machi 1922 watu waliojikusanya Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Wazee wale hawakuwa wakichukia bati. Walichukia kubeba shingoni ufunguo wa maisha yao ambao mkono wa kuuzungusha ulikuwa wa mtu mwingine.

Sasa turudi nyumbani. Mei 1, 2019 ilianza hapa Tanzania kazi ya kusajili laini zote za simu kwa alama za vidole, zikilinganishwa na zile zilizo kwenye kumbukumbu za NIDA. Tarehe ya mwisho ilikuwa Desemba 31, 2019, Rais Magufuli akaongeza siku 20, kisha kuanzia Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mnaikumbuka ile foleni. Watu waliamka saa tisa usiku kuwahi namba ya NIDA. Aliyeikosa alimbembeleza shemeji, rafiki, hata mwenye nyumba: niwekee kidole chako, kaka, laini yangu isifungwe. Na watu waliwekeana. Sababu ya serikali ilikuwa nzito na siibezi, maana matapeli walikuwa wanatumia laini zisizo na mwenyewe. Kidole kilitakiwa kiwe ufunguo wa kuonyesha nani ni nani.

Jirani yangu mmoja, mama anayekaanga mihogo, naye alisajili. Kijana wakala alikuwa na mwavuli wake na kimashine chake. Mama akaweka kidole. "Haijasoma, mama, weka tena." Akaweka. "Hicho kingine, mama, una mafuta mkononi, futa, weka tena." Mama akafuta kwa khanga, akaweka mara ya tatu, mara ya nne, akashukuru, akaenda zake kwenye karai.

Miezi ikapita. Siku moja wakaja watu wawili na mjumbe. Kuna mtu mkoani alitumiwa ile meseji tunayoijua sote, ile hela tuma kwa namba hii, naye akatuma kweli, na namba ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mama wa mihogo. Mama hakuwahi kuiona laini hiyo. Kituoni aliyemhoji hakuwa mkali, alimwambia tu kwa upole, "Mama, mashine haidanganyi. Kidole ni chako." Mama akajibu, "Kidole changu, baba, lakini mkono ulikuwa wake."

Hakufungwa. Lakini kwenda na kurudi kituoni kwa wiki kadhaa kulikula nauli, nauli ikala mtaji, na karai likakaa juu ya kabati. Mtaani wako waliosema lazima anajua kitu. Kidole kitaingiaje bila yeye?

Jibu la yule mama limenikaa moyoni kuliko hoja nyingi nilizosoma. Sheria na mashine zote zilikuwa zimeuliza kidole ni cha nani. Hakuna aliyeuliza mkono ulikuwa wa nani, yaani nani alikuwa anataka nini wakati kidole kile kinagusa kioo. Ufunguo ulikuwa mwilini mwake, nia ilikuwa ya mwingine. Huo ndio upagazi.

Basi tujiulize, mwenye ufunguo ni nani hasa? Mimi naona ana uwezo wa aina tatu. Anaweza kuuficha ufunguo wake. Anaweza kuubadilisha ukiibwa. Na anaweza kukataa kuutoa. Tuupime mwili kwa hayo matatu.

Kuuficha kwanza. Kidole unakiacha kwenye glasi ya chai, kwenye mlango wa daladala, kwenye kioo cha simu yenyewe. Mwaka 2014 Mjerumani Jan Krissler, wa kundi la Chaos Computer Club, alionyesha alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, wakati huo waziri wa ulinzi wa Ujerumani, aliyoitengeneza kutokana na picha za kawaida. Kama kidole cha waziri wa ulinzi hakifichiki, cha kwako unakificha wapi? Utavaa glavu kwenye joto la Dar?

Kubadilisha je? Namba ya siri ikijulikana unaibadilisha dakika hiyo hiyo, umesimama hapo hapo chini ya mwavuli. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba katika wizi uliofanyika kwenye kumbukumbu za watumishi wake, zimechukuliwa alama za vidole za watu milioni 5.6. Watu hao wataambiwa nini, wakabadilishe vidole? Mungu ametupa kumi tu.

La tatu, kukataa, ndilo kubwa. Sisi tunaotunga hadithi tunalijua. Mhusika mwenye siri ana nguvu katika hadithi maadamu anaweza kunyamaza. Mpige, mfunge, mtishe, lakini mpaka afungue mdomo kuna kitu ndani yake hujakifikia. Siku siri yake inapochukuliwa bila yeye kusema neno, amekwisha kuwa samani ya chumbani tu. Ufunguo wa kichwani una huko kunyamaza ndani yake. Ufunguo wa kidoleni hauna. Mtu aliyelala kidole chake kinafanya kazi. Aliyelewa, vivyo hivyo. Aliyeshikwa na wanaume wanne, vivyo hivyo.

Na majaji wamelikuta jambo hili. Mwaka 2014 huko Virginia, Marekani, jaji mmoja aliamua kwamba polisi wanaweza kumlazimisha mtuhumiwa afungue simu kwa kidole chake, lakini hawawezi kumlazimisha aitaje namba ya siri, kwa kuwa namba iko akilini na kumlazimisha aitaje ni kumlazimisha ajishuhudie mwenyewe. Kidole, kwa maoni yake, ni kitu tu, kama ufunguo wa chuma mfukoni. Nilipoisoma habari hiyo nilishtuka. Kumbe sehemu ya mwili wangu inaweza kuhesabiwa kuwa si mimi!

Wezi hawangoji jaji. Mwaka 2005 huko Malaysia majambazi waliteka gari la kifahari linalowaka kwa alama ya kidole. Walipoona haliwaki bila mwenyewe, wakamkata kidole, wakaenda nacho. Hapo ndipo tunaona ubaya wa kuifanya nyama kuwa ufunguo. Zamani mwizi alitaka mali yako na mwili ulikuwa njiani tu. Ukimfanyia mwizi mwili kuwa ufunguo, umemwita aje kwenye mwili. Ni yale yale ya kibaka wa stendi anayetazama mkono unapapasa wapi.

Najua kuna mtu ananisubiri kwa hamu aniulize: na bibi yangu je? Swali la haki kabisa. Kuna wazee wengi hawawezi kukariri namba, au macho hayaoni tena vitufe. Wanafanyaje? Wanamwambia mjukuu, wanamwambia wakala kwa sauti mbele ya foleni nzima: nibonyezee mwanangu, namba yangu ni ya mwaka fulani. Kwa bibi huyo, ufunguo wa kichwani ulikwisha kuwa wa mtaa mzima. Kidole kingemrudishia heshima yake. Angefika, angegusa, fedha yake ingetoka, mjukuu asingejua kilichobaki. Nani atasema bibi asipewe nafasi hiyo? Si mimi.

Lakini hata kwa bibi, tusidhani mwili ni jiwe. Waulize wanaobangua korosho huko Kusini. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, na wanaobangua kwa mkono miaka nenda miaka rudi huchubuka ncha za vidole. Waulize wapasua kokoto, mafundi wa saruji. Mashine inawaambia hawapo. Ajabu hiyo! Mtu amefanya kazi mpaka kazi imemfuta, kisha anaambiwa athibitishe kwamba ni yeye. Ufunguo ulio mwilini unazeeka pamoja na mwili, unaungua, unachubuka, na anayeumia kwanza ni yule aliyetumia mikono yake kuliko wengine. Bibi mwenyewe tunayemtetea mara nyingi ndiye mwenye vidole vilivyolimwa vikaisha.

Tena liko suala la hiari. Mwaka 2023 Nairobi watu walipanga foleni ndefu pale KICC ili mboni za macho yao zipigwe picha na mashine yenye umbo la mpira, mali ya mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi za Kenya kama 7,000. Agosti 2, 2023 serikali ya Kenya ilisimamisha zoezi hilo, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za miili zifutwe. Wengine wakasema, sasa tatizo liko wapi, si walikwenda wenyewe? Kweli, hakuna aliyeburutwa. Lakini mimi nauliza, hiari ya mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa kesho ni hiari ya namna gani? Angeuza redio, angeikomboa siku nyingine. Mboni haina siku nyingine. Kwa hiyo anayenunua ufunguo wa mwili wa mtu ananunua kitu ambacho muuzaji hawezi kukirudisha hata akitajirika, na mnunuzi anayejua hivyo ana dhambi kubwa kuliko muuzaji asiyejua.

Basi tufanyeje? Tuvunje mashine? Hapana. Mimi simo katika wanaotaka turudi kwenye pindo la khanga, ingawa pindo la khanga lina akili zake. Nina rai moja, nayo ni kwamba mwili utumike kama jina, usitumike kama siri.

Jina langu linajulikana na kila mtu, halinidhuru. Mtu akiniita kwa jina hajafungua mlango wangu, amebisha hodi tu. Sura yangu, kidole changu, sauti yangu, mboni yangu, hivyo vyote ni majina. Vinasema huyu ni fulani. Visiachwe viseme peke yao kwamba fulani amekubali. Kukubali kutoke mahali pengine, kwenye kitu anachokijua au kitu anachokishika na anachoweza kukitupa. Kidole kibishe hodi, namba ifungue. Yule mama wa mihogo angeulizwa mambo mawili, kidole na neno, kijana wa mwavuli angekwama kwenye la pili.

Pia kuna tofauti kubwa kati ya kidole kilichobaki kwenye simu yako na kidole kilichokwenda kukaa kwenye ghala la mtu. Simu nyingi za kisasa zinatunza alama yako ndani ya chipu ya simu yenyewe, hazipeleki popote. Kidole kinaamsha ufunguo uliolala humo humo. Simu ikiharibika, vyote vimekufa pamoja, unaanza upya. Ghala haliko hivyo. Ghala likivunjwa, vimevunjwa vidole vya taifa. Kwa hiyo anayetaka kidole chako aulizwe kwanza: kinakwenda wapi, kinakaa muda gani, nani anakiona?

Kuuliza hivyo si ujeuri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inazihesabu alama za mwili kuwa taarifa nyeti. Lakini sheria ni kama mwavuli, haikufunguki yenyewe mvua ikinyesha. Wewe kijana uliye mjini, unayejua kusoma, una kazi ya kufanya. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha mpigie na mama, mpigie na bibi. Wakala akisema haijasoma, weka tena, muulize kwa upole, haijasoma nini, hebu nione. Msimamie mzee anapoweka kidole kama unavyomsimamia anapovuka barabara ya Morogoro. Na rafiki yako akikuomba umwekee kidole, usimnyime tu ukaondoka, mpeleke akapate namba yake. Kidole ulichomkopesha hakirudi.

Nyerere na wenzake walipigania mtu asiwe mali ya mtu. Wengi tunadhani kazi hiyo iliisha bendera ilipopanda. Mimi nadhani inaendelea kila kioo kidogo cha kijani kinapowaka na sauti inapotuambia weka hapa. Tunapoweka, tujue tunaweka nini, kwa nani, na tuwe bado tunaweza kusema basi, inatosha. Asiyeweza kusema hivyo, hata kama ufunguo uko chini ya ngozi yake, anambebea mwenzake mzigo.